Viboko si uimarishaji hasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe makala yenu ya hivi karibuni kuhusu nidhamu shuleni, ambamo mwandishi alisema kwamba viboko ni "uimarishaji hasi" na kuwashauri walimu wautumie kwa kiasi. Kosa hilo hulikuta kila muhula katika majibu ya wanachuo ninaowafundisha saikolojia ya elimu.

Chanya na hasi hapa zina maana ileile ya hesabu, yaani kuongeza na kuondoa, wala hazihusiani na wema au ubaya. Uimarishaji wa aina zote mbili hufanya tendo lirudiwe zaidi, adhabu hulipunguza. Uimarishaji hasi hutokea pale tendo linapoota mizizi kwa sababu limemwondolea mtendaji karaha fulani, kama dereva anayefunga mkanda ili kengele ya gari inyamaze. Viboko huongeza maumivu kwa nia ya kupunguza utundu, kwa hiyo ni adhabu, tena wanasaikolojia huiita adhabu chanya, jina linalowachekesha sana wanachuo. Nimtetee mwandishi kidogo: B. F. Skinner mwenyewe, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeiendeleza nadharia hii, katika maandishi yake ya mwaka 1938 alichanganya uimarishaji hasi na adhabu, na maana tunayoifundisha leo aliiweka wazi mwaka 1953.

Kinachonisikitisha ni kwamba uimarishaji hasi umo kweli katika habari ya viboko, ila si pale mwandishi alipouona. Mtoto ambaye hakumaliza kazi ya Hisabati akajificha migombani hadi saa ya kutoka ameikwepa fimbo, na kilichoimarishwa ni utoro. Mwenzake anayedai kuwa daftari limesahaulika nyumbani, akaaminiwa na kusamehewa, amejifunza kwamba uongo unalipa. Yupo pia mwalimu mwenye darasa la wanafunzi themanini wanaopiga kelele: anainua fimbo, kimya kinatanda papo hapo, na kesho ataiinua tena hata kama kelele zimerudi zilezile, kwa kuwa aliyeimarishwa ni yeye. Ndiyo maana walimu wengi huona vigumu kuiacha fimbo, na semina za siku moja haziwasaidii.

Kenya ilipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Hapa kwetu Tanzania kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Anayetaka utaratibu huo uendelee ana haki ya kutoa hoja zake gazetini, mradi aseme waziwazi kwamba anatetea adhabu, bila kuipa jina la kitaalamu lisilo lake. Nanyi wahariri, kabla ya kuchapisha makala za namna hii, mpeni mkufunzi yeyote wa saikolojia azipitie. Vyuo vya ualimu viko karibu kila mkoa.

Mkufunzi wa chuo cha ualimu,
Morogoro