Utando wa kufungia chakula: tuambiwe unaozea wapi

Mhariri,

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vya vyakula vya viwandani na vya mazao vimeendelea kuruhusiwa, kwa kuwa bado tunavihitaji kulinda jibini, nyama na matunda yanayosafirishwa kutoka Nyanda za Juu Kusini hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo napokea kwa furaha habari za utando unaooza na wakati huohuo kuzuia vijidudu vinavyoharibu chakula. Ombi langu ni kwamba atakayetuuzia utando huo alazimike kueleza unaoza wapi, kwa joto gani na kwa muda gani.

Plastiki ya asidi ya polilaktiki, itokanayo na sukari ya mahindi au ya miwa, husifiwa kuwa inaoza, lakini ili ioze vizuri huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la takriban nyuzi 58 za Selsiasi. Ukiifukia Makete, ambako sakitu (umande ulioganda kwa baridi) huanguka mwezi Juni na Julai, utaikuta karibu kama ulivyoiacha.

Utando wa wanga wa muhogo una matumaini zaidi. Wanga hupikwa kwa maji na gliserini kidogo ili usikatike, kisha humwagwa juu ya bapa na kukaushwa; humo huweza kuchanganywa kitosani, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, ambayo hung'ang'ania ngozi ya bakteria na kuitoboa, au mafuta ya karafuu yenye yujenoli, kemikali inayozuia vijidudu. Malighafi hizo zote zinapatikana nchini. Hata hivyo wanga hunywa maji, hivyo utando huo hulegea ukifungiwa nyama mbichi, na harufu ya karafuu huhamia kwenye chakula (sijui ni nani atakayenunua jibini la Iringa linalonukia pilau). Anayedhurika kwa kula kamba naye anastahili kujua kitosani imetoka wapi.

Zaidi ya hayo, dawa iliyomo kwenye utando hufanya kazi kwa kugusa chakula au kuingia ndani yake, maana yake tunaila. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, lipime kiasi kinachohama kabla ya kutoa kibali, wala wasindikaji wasiuone utando kuwa badala ya jokofu na mikono safi.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole viko jirani kabisa. Navisihi vifukie tando za aina mbalimbali katika udongo wa Rungwe, Mbarali na Makete kwa msimu wa baridi na wa mvua, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili, pamoja na ya zile zitakazogoma kuoza.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya