Malalamiko: nimeuziwa Ghost of Tsushima isiyo na kisiwa cha Iki

Kwa Meneja Mauzo,
Duka la Michezo ya Video,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: CD YA PS5 ISIYOLINGANA NA KASHA LAKE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua dukani kwenu gemu iliyotumika ya Ghost of Tsushima Director's Cut, ya PS5 (PlayStation 5). Ni gemu ya samurai Jin Sakai anayepambana na Wamongolia kisiwani Tsushima, Japani, na Director's Cut ni toleo lililoongezewa kisiwa cha pili, Iki. Kasha ni la PS5, maandishi ya Director's Cut yanasomeka vizuri, na lilikuwa limefungwa kwa plastiki yenye stika ya duka lenu. Ndani mlikuwa mmeweka CD ya PS4 ya toleo la kwanza, lililotoka Julai 2020, lisilo na Iki. Nambari iliyochapwa kwenye CD hiyo inaanza na CUSA, wakati CD za PS5 huanza na PPSA. Picha za kasha, za CD na za stakabadhi nimeziambatanisha.

Naomba tuelewane mapema, maana kijana wenu wa kaunta analichanganya jambo hili kila ninapokuja. Silalamiki kwamba gemu ni ngumu. Ugumu ndio nilioufuata. Nacheza kwenye kiwango cha Lethal, kigumu kuliko vyote, ambako upanga wa adui ukikupata vizuri umekwisha, na wako nao ukimpata amekwisha yeye. Adui mwenye ngao namwendea kwa mkao wa kupigana uitwao Maji, mwenye mkuki kwa mkao wa Upepo, na nikifa narudia bila kumlaumu mtu. Kwa hiyo kuniambia nishushe kiwango hadi Easy ili kisiwa kijitokeze ni kunidharau, tena mbele ya wateja wengine waliokuwa wakicheka.

Mara ya pili nikaambiwa nisubiri apdeti, Iki itaingia yenyewe. Apdeti nimeishusha, imekula bando langu, na Iki haikuingia. Isingeweza kuingia: mwenye toleo la 2020 hupata marekebisho ya bure, lakini kisiwa chenyewe ni cha kulipia. Mtu anayeuza magemu kwa riziki yake alipaswa kulijua hilo kabla yangu.

Halafu likaja jibu la tatu, kwamba "gemu ni ile ile". Hapa ndipo nashindwa kunyamaza. Toleo la Director's Cut lilitoka Agosti 2021 na sababu yake kubwa ni Iki. Ukishaingia sehemu ya pili ya hadithi, huko eneo la Toyotama kisiwani Tsushima, unafunguliwa safari ya kuvuka bahari kwenda kisiwa ambacho baba yake Jin Sakai aliuawa. Kuna kiongozi mwingine wa Wamongolia, mwanamke anayeitwa Tai, anayemnywesha Jin sumu hadi anaanza kusikia sauti na kuona mambo yaliyompata zamani. Kuna waganga wanaoimba vitani, na wakiimba wenzao hupigana kwa nguvu zaidi, hivyo mbinu zote ulizojifunza Tsushima inabidi uzipange upya. Kwa anayetafuta changamoto, hiyo ndiyo nyama ya gemu. Hata historia yenyewe haikuiruka Iki: mwaka 1274 Wamongolia walipomaliza na Tsushima, walishukia Iki kabla ya kufika ghuba ya Hakata. Mimi nimefika Toyotama, nimeendelea hadi pambano la mwisho (sitataja dhidi ya nani, huenda Meneja bado hujacheza), na safari hiyo haikunifungukia.

Midomo ndiyo iliyonitia shaka mapema. Nacheza kwa sauti za Kijapani, na Director's Cut kwenye PS5 midomo ya wahusika hufuata Kijapani. Kwangu Jin anazungumza Kijapani huku midomo ikienda na Kiingereza. Nilipomwonyesha kijana wenu video akasema TV yangu ina tatizo.

Mmenishauri pia ninunue nyongeza ya Iki mtandaoni, eti ni jambo dogo. Si dogo. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Store, kwa hiyo wengi wetu tuna akaunti za nchi nyingine, na kulipia humo ni mpaka utafute kadi za dola kwa bei ya juu kuliko iliyoandikwa. Tena nyongeza lazima iwe ya eneo lile lile la CD. Ukikosea, pesa imekwenda na kisiwa hukioni. Kupandisha CD ya PS4 hadi Director's Cut ya PS5 ni dola 30 kasoro senti. Ndiyo maana nilikuja dukani na kulipa bei ya toleo kamili, nikiwaachia CD ya toleo la kawaida iliyokuwa kwenye rafu hiyo hiyo kwa bei nafuu. Kumbe niliyopewa ni hiyo hiyo ya bei nafuu, imevishwa koti la PS5.

Naomba mojawapo kati ya haya ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii: mnipe CD halisi ya Director's Cut ya PS5, niijaribu hapo hapo dukani kabla sijaondoka, au mnirudishie fedha yote. Sitapokea gemu nyingine kwa kubadilishana, wala punguzo la manunuzi yajayo, mambo ambayo yote nimeshaahidiwa kwa mdomo.

Naomba majibu kwa maandishi. Yasipofika, nitapeleka barua hii na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Na kabla ya hapo, tafadhali fungueni makasha mengine ya Director's Cut yaliyobaki kwenye rafu ile mkague kilichomo. Nilipokuja mara ya mwisho yalikuwepo mawili, yamefungwa kwa stika ile ile.

Wenu,

Mteja mwenye stakabadhi iliyoambatanishwa.

Viambatanisho: picha za kasha na CD, nakala ya stakabadhi, video fupi ya ramani ya mchezo.