Kwato za punda: fundi anakuja Jumamosi

Asalaam aleikum wenye punda. Fundi wa kwato atakuwepo Jumamosi saa moja asubuhi, pale pale kwenye mwembe, kabla jua halijawa kali. Wa Shela huku Lamu msikose: punda anayeshinda mchangani kwato zake haziliki, zinarefuka tu hadi ncha inapinda juu. Kila wiki 6 hadi 10 zipunguzwe.

Jioni hii inua mguu, chokoa uchafu, kisha unuse. Ukikuta uteute mweusi unaonuka kandokando ya ile sehemu laini ya katikati, kwato inaoza, niandikie pembeni. Oili chafu ya injini msipake, jamani, wala panga lisiguse kwato! Anayechechemea asibebeshwe mzigo mpaka aonwe.