Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Programu Huru na Ada ya Msaada wa Kiufundi

Waheshimiwa wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita, hapa hapa Kisumu, mliiagiza kamati iache kusubiri wafadhili na ijaribu kugharimia programu huru, yaani zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzibadili na kuzisambaza, kwa ada ya msaada wa kiufundi. Taarifa yangu inahusu agizo hilo karibu peke yake. Mambo ya ofisi na mafunzo ya likizo yameelezwa na katibu, na hesabu ziko kwa mweka hazina.

Nianze na neno lililotusumbua mwaka mzima. Sisi tuna bahati kwamba lugha yetu hutenganisha kitu huru na kitu cha bure, ilhali Kiingereza hulibebesha neno moja maana zote mbili, na Richard Stallman, aliyeutangaza mradi wa programu huru uitwao GNU mwaka 1983, amelazimika kuifafanua tofauti hiyo miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo, kuanzia Ahero hadi Luanda, walimu wakuu walipopokea ankara yetu walituuliza swali lile lile: “Si mlisema ni ya bure?” Tuliwajibu kwamba leseni ndiyo isiyolipiwa, kinacholipiwa ni saa za fundi anayepanda matatu asubuhi na mapema kwenda kuifufua seva iliyozimika umeme ulipokatika usiku. Stallman mwenyewe aliuza kanda zenye Emacs, programu yake ya kuandikia matini, kwa dola 150 kila moja, wala hakuona kwamba amekwenda kinyume na msimamo wake.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1989 watu watatu nchini Marekani walianzisha kampuni ya Cygnus, wakawa wanauza msaada kwa watumiaji wa programu za GNU, hasa kikusanyaji cha GCC, kinachogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta, na kazi waliyolipwa kuifanya wakairudisha katika programu yenyewe ili kila mtu afaidike. Red Hat, kampuni iliyokuja kuinunua Cygnus, iliikuza biashara ya namna hiyo hadi kampuni ya kompyuta ya IBM ikainunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Nawataja hao ili kuonyesha kwamba njia inapitika, si kwa sababu nadhani ofisi yetu ya Kondele inaelekea huko.

Wateja wetu wengi ni maktaba za shule zinazotumia Koha, programu huru ya kuendeshea maktaba iliyozaliwa katika maktaba ndogo za Horowhenua, New Zealand, ambazo mfumo wao wa zamani haungeweza kuvuka mwaka 2000. Jina lenyewe ni neno la Kimaori, lenye maana ya zawadi inayotarajiwa kujibiwa kwa zawadi. Hapo ndipo mwaka wetu ulipopata mtihani wake.

Katika miezi sita ya kwanza tulitoza kwa kila wito: mteja akipiga simu, fundi huenda, ankara hutolewa. Fedha ziliingia, lakini tulikuwa tukilipwa kwa sababu ya ubovu. Fundi mmoja alipoandika mwongozo mfupi wa Kiswahili kuhusu kuhifadhi nakala za akiba, wito ulipungua, na mapato yakashuka pamoja nao, hadi mwanakamati mmoja akashauri, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha mtupu, kwamba mwongozo ule ufichwe. Nilicheka pamoja na wengine, kisha nikakosa usingizi. Chama kilichoundwa ili kuwawezesha watu kuzimiliki programu zao kilikuwa kimeanza kunufaika na kutojua kwao.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana katika hesabu. Mafundi walishinda barabarani, na muda wa kuandika msimbo ukatoweka. Marekebisho ya kuandika faini zilizolipwa kwa M-Pesa yalifanywa upesi katika seva ya mteja mmoja na kuachwa hapo. Koha hutoa toleo jipya kila Mei na kila Novemba; kiraka, yaani kipande cha msimbo chenye marekebisho, kisichopelekwa katika mradi hulazimika kushonwa upya mara mbili kwa mwaka, kwa gharama yetu. Kukipeleka nako si kazi ya siku moja, kwani ni lazima mtu mwingine akijaribu na kukithibitisha, kisha kikaguliwe tena kabla ya kukubaliwa. Hakuna mteja anayekubali kulipia saa hizo zikiandikwa peke yake katika ankara. Tumejaribu.

Wale wanaosema tuachane na kazi hiyo ya kurudisha marekebisho na kutumia tu kilichopo wakumbuke OpenSSL. Mwaka 2014, dosari iliyoitwa Heartbleed ilipofichuliwa, ilibainika kwamba programu inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ilikuwa ikipata michango ya hiari ya dola 2,000 hivi kwa mwaka, na kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyeishughulikia kama kazi yake ya muda wote. Mashirika makubwa ya dunia yalikuwa wageni wake kwa miaka mingi, na hakuna aliyeshika jembe.

Tangu Julai, kwa hiyo, tumeacha kutoza kwa wito. Mteja hulipa ada ya mwaka, kwa mafungu matatu yanayofuata mihula ya shule, nasi hushughulikia kila hitilafu bila ankara nyingine. Sasa mfumo ukitulia, faida ni yetu, na ule mwongozo umechapishwa na kubandikwa ukutani katika kila maktaba. Wateja wawili walituacha kwa kuona wanalipia kitu ambacho hakijaharibika. Shule moja, ambayo sitaitaja, haijalipa mihula miwili na bado hutupigia simu Jumapili. Kuhusu asilimia 5 ya ada yetu ambayo baadhi ya wateja huikata na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru, mweka hazina anaomba vyeti vya makato hayo viletwe ofisini mara vinapopatikana, kwa maana fedha hizo zinahesabika katika kodi yetu.

Kamati inaleta hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba siku moja ya kazi katika kila juma, siku ya Ijumaa, isiuzwe kwa mteja yeyote, bali itumike kurudisha marekebisho yetu katika Koha na programu nyingine tunazozihudumia, na gharama yake iingizwe waziwazi katika ada ya mwaka. Ya pili ni kwamba mkataba wowote unaotutaka tumwekee mteja mmoja peke yake marekebisho yetu na kuwaficha wengine ukataliwe, hata kama ni mnono. Katika hoja hii ya pili kamati haikukubaliana: wanakamati wawili wanaona kwamba tungeweza kuuficha msimbo kwa mwaka mmoja kisha kuuachilia, nao wameomba nafasi ya kujieleza kabla ya kura. Nimewapa dakika kumi kila mmoja, nao watazungumza mara baada ya mweka hazina.