Harambee ya Chumba: Chama cha Wakutubi Kinahama Stoo

Ndugu wanachama, walimu, wazazi na marafiki wa maktaba,

Shule inayotuhifadhi imetuomba tuiachie stoo yake mwisho wa muhula huu. Hatuna kinyongo. Wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi 9 wamejaa, vifaa vya maabara havina pa kuwekwa, na mwalimu mkuu ametuvumilia miaka yote hii bila kutudai hata shilingi ya umeme. Mgeni akiombwa kupisha, anapisha. Kabla ya hapo tulikaa sebuleni kwa katibu wa kwanza, kisha kwenye kona ya ukumbi wa kanisa, na kila kuhama kumetula kitu.

Waliokuwepo tulipofungua makatoni kwa ajili ya ukaguzi wa hesabu walijionea. Mchwa walipanda kutoka sakafuni, wakaanza na kumbukumbu za mikutano ya zamani zilizokuwa chini, wakaenda juu jalada moja baada ya jingine. Ukishika gamba la nje lilionekana zima. Ukilifungua, ndani ni udongo. Daftari la wanachama limepona kwa sababu katibu hulibeba kwenye mkoba wake pamoja na muhuri. Juzi mwanachama mmoja aliyestaafu alitaka barua ya kuthibitisha kwamba alihudhuria mafunzo yetu ya uainishaji wa vitabu. Sote tunakumbuka alikaa mstari wa mbele, na maswali yake yalituchelewesha chakula cha mchana. Lakini karatasi ya mahudhurio haipo, na barua ya chama haiandikwi kwa kukumbuka tu.

Wapo wanaouliza: ofisi ya nini, na siku hizi mikutano yote iko WhatsApp? Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kuwatazama wenzetu wa Marekani, ambao wamehama kuliko sisi.

Chama chao cha maktaba, American Library Association, kiliundwa Philadelphia mwezi Oktoba 1876, kwenye mkutano wa watu 103, wanawake wakiwa 13 tu. Katibu alikuwa Melvil Dewey, yule yule mwenye namba tunazobandika kila siku kwenye migongo ya vitabu. Kwa miaka 30 hivi chama hakikuwa na makao rasmi. Shughuli zilifuata meza ya katibu. Ofisi ikafunguliwa Boston mwaka 1906, na mwaka 1909 wakahamia Chicago, ambako Maktaba ya Umma ya jiji iliwapa nafasi ndani ya jengo lake bila kodi. Wakahifadhiwa hapo mpaka 1924, wakaenda Maktaba ya John Crerar, kisha wakawa wapangaji Michigan Avenue. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1940 ndipo wakanunua mahali pao, jumba la familia ya McCormick, Huron Street. Yaani chama chenye wanachama nchi nzima kilichukua karibu miaka 70 kupata mlango wake chenyewe! Jumba lile nalo likaja kubomolewa, likasimama jengo jipya mwaka 1963. Leo jengo hilo wameshaliuza, na tangu 2020 wamerudi kupanga, Michigan Avenue tena.

Mimi nikiitazama safari hiyo naona kwamba kupanga si aibu, na kumiliki jengo si mwisho wa kuhama. Jambo walilolifanya kwa busara zaidi ni nyaraka. Mwaka 1973 waliweka hifadhi ya kumbukumbu za chama katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana, mbali na makao makuu. Ofisi ikihama, kumbukumbu hazipakiwi kwenye lori.

Hata Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba, ambalo Kenya ililipokea Nairobi mwaka 1984 kwa mkutano wake mkuu, limekaa miaka mingi ndani ya Maktaba ya Kifalme ya Uholanzi, mjini The Hague. Maktaba za dunia nzima, na wao ni wageni! Kwetu Afrika Mashariki, chama cha pamoja kilichoanzishwa mwaka 1956 kiligawanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kila nchi ikaunda chake. Mkitaka kujua jinsi karatasi za chama zinavyotawanyika, waulizeni wazee wa fani.

Ndiyo maana kamati ilikataa pendekezo la kununua kiwanja, ingawa lilipigiwa makofi. Tumepata chumba ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, mbali na udongo na mchwa wake. Kodi ni shilingi 14,000 kwa mwezi. Tunataka kulipa mwaka mzima pamoja na amana ya miezi miwili, ambayo ni 196,000. Rafu za chuma, si za mbao, ni 75,000. Kompyuta na skana 95,000, maana nyaraka zilizosalia lazima ziwe na nakala nje ya chumba kabla ya mvua za masika. Meza na viti 30,000, mlango wa chuma 24,000. Jumla ni shilingi 420,000. Mweka hazina anazo 63,000 benki, kwa hiyo tunawaomba 357,000.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika uwanja wa shule hii hii inayotupokonya stoo. Mwalimu mkuu mwenyewe ameahidi kutoa jogoo wa mnada. Hatukualika mwanasiasa. Tulihesabu muda wa hotuba tukaona afadhali tuuze keki.

Namba ya paybill imo kwenye kadi mlizopewa. Asiye na pesa alete rafu, printa inayofanya kazi, au siku yake moja ya kutusaidia kupiga skana. Tafadhali, tunawaomba kwa heshima zote, msituletee vitabu vya kiada vya 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondolewa. Tunavyo.

Kadi zirudishwe kwa mweka hazina kufikia Ijumaa kabla ya harambee, hata kama hazijajaa, na kila mchango utaandikiwa risiti papo hapo. Nakala ya kitabu cha risiti itakaa kwa mkaguzi wa hesabu, nje ya stoo.

Katibu, kwa niaba ya kamati