Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2025: Watoto Wetu, Lugha Yetu na Majirani Zetu Wafilipino

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama wa chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili, mama na baba zetu, na ninyi vijana mlioamka mapema Jumamosi katika baridi hii ya Winnipeg, hapa Kanada, habari za mwaka?

Katiba yetu inanitaka nieleze fedha, misiba, shughuli na mipango. Fedha atawasomea mweka hazina, na vitabu viko pale mezani kwa yeyote anayetaka kuvikagua. Misiba ilitufika mara tatu, na mara moja tulichangishana kusafirisha mwili hadi Kigoma. Familia zote tatu zimenituma niseme asanteni. Timu ya mpira ipo, kwaya ipo. Hayo nayapita haraka, mniwie radhi, kwa kuwa mwaka huu kamati yenu ilimaliza nguvu zake nyingi kwenye jambo moja, nalo linahitaji muda: watoto wetu, lugha wanayotupotezea na tunayowapotezea, na yale wanayoyabeba moyoni tusiyoyajua.

Lilianzia kliniki, mwezi wa pili. Nilimsindikiza mama mmoja, mwanachama mwenzetu, kwa daktari. Mkalimani alikuwa mwanawe wa miaka 13. Mama akasema, "Nina mawazo sana. Silali. Moyo unanienda mbio." Mtoto akanyamaza, akatafuta maneno, kisha akamwambia daktari kwamba mama anafikiria sana. Daktari akauliza anafikiria nini. Mtoto akageuka: "Mama, anauliza unafikiria nini." Mama akatazama viatu vyake, theluji ikimyeyukia sakafuni, akajibu, "Mwambie basi, nimeshapona."

Ilibidi niingilie. Humu ndani hakuna asiyejua maana ya mtu kusema ana mawazo. Lakini kijana yule atajulia wapi? Kiswahili alichopewa ni cha njoo ule, funga mlango, mdogo wako yuko wapi. Hakuna aliyemfundisha Kiswahili cha kuumwa na roho. Na hata angeelewa, mtoto wa miaka 13 angebebaje maneno hayo na kuyatua mbele ya mtu mzima, mama yake akimsikiliza?

Wengi wenu mnajua kwamba nafanya kazi za usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Mwenzangu wa zamu ni Mfilipino, mkubwa kwangu kidogo, nami humwita Ate kama wanavyomwita dada mkubwa kwao. Nilimsimulia kisa hicho saa nane za usiku, tukikunja mashuka. Akaacha kukunja. Akaniambia wao wana neno *loob*, yaani ndani, ule undani wa mtu, na husema *sama ng loob* mtu anapoumizwa na aliye karibu naye, na maumivu hayo akayaweka humo ndani bila kusema. Siku moja alimwambia binti yake kwamba ana *sama ng loob*. Binti akaelewa kwamba mama amemkasirikia, akajifungia chumbani, na wakaishi hivyo miezi kadhaa, nyumba moja, meza moja, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Hapo ndipo nilipoileta hoja kwenye kamati: twende tukaongee na Wafilipino. Wengine waliuliza kwa nini wao. Niliwajibu kwamba barabara hii wametangulia. Manesi wao wa kwanza walifika mji huu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1968 viwanda vya nguo vya hapa vilianza kuwaleta washonaji moja kwa moja kutoka Ufilipino. Tangu mwaka 1998, mpango wa jimbo letu la Manitoba wa kupendekeza wahamiaji umeleta ndugu kwa ndugu, hata leo zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi hapa Winnipeg ni Mfilipino. Mwaka 1981 Conrad Santos aliingia bunge la jimbo, na mwaka 1988 Rey Pagtakhan akaingia bunge la taifa huko Ottawa. Ukiwatazama kwa nje utasema wamefika. Lakini mwulize Ate kuhusu binti yake.

Tulipanga kukutana nao Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Kabla siku haijafika, tarehe 26 Aprili, kule Vancouver, mtu aliliendesha gari katikati ya umati kwenye sikukuu ya Wafilipino ya Lapu-Lapu. Watu 11 waliuawa. Sikukuu ile humkumbuka Lapu-Lapu, mtawala wa kisiwa cha Mactan kule Ufilipino, aliyewashinda watu wa baharia Magellan mwaka 1521. Ilikuwa siku ya kujivunia asili yao, na watoto walikuwa wameletwa kwa ajili hiyo hasa. Nilimpigia Ate kusema tutaahirisha. Akasema, njooni.

Tulikwenda watu 19, vijana wetu wakiwemo. Sitasahau ukumbi ule. Upande mmoja wazee walikuwa wanasali rozari kwa Kitagalog. Upande wa pili, ukutani, vijana wao walikuwa wamekaa chini wakiandikiana kwa simu, kwa Kiingereza, wengine wakifuta machozi kwa mkono wa sweta. Msiba ni mmoja, chumba ni kimoja, na hawakuwa na pa kukutania. Kisha bibi mmoja aliingia, na vijana wale wote wakainuka, mmoja mmoja, wakauchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso. Salamu hiyo wanaiita *mano*. Binti yetu mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami akaninong'oneza, "Ni shikamoo hiyo." Naye akaenda, akaupokea mkono. Yule bibi hakumuuliza ni mtoto wa nani.

Tangu siku hiyo hadi mwezi wa kumi na moja tulikutana nao mara moja kwa mwezi. Naomba niwaeleze tuliyoyasikia, maana mengi yalikuwa yetu wenyewe yakisemwa na midomo ya wengine.

Nchi yao ina lugha zaidi ya 170. Mwaka 1937 Rais Quezon alitangaza kwamba lugha ya taifa itajengwa juu ya Kitagalog, na ndiyo iliyokuja kuitwa Kifilipino. Iliwaunganisha, ndiyo. Lakini kijana mmoja wa Kisebuano, lugha nyingine ya kwao, aliyekuja hapa alitueleza jinsi anavyochekwa mara mbili: shuleni kwa Kiingereza chake, na kwenye sherehe za Wafilipino wenzake kwa lafudhi ya Kitagalog chake, kwa vile kule kwao lafudhi ya kusini imezoeleka kuwa ya mtumishi wa nyumbani katika vichekesho. Akasema amechagua kunyamaza kote kuwili. Bibi yake hupiga simu kila Jumapili kwa Kisebuano, naye humwonyesha tu alama zake za shule kwenye kioo cha simu na kutabasamu.

Wakati anasema hayo niliwatazama vijana wetu wa Bukavu na Uvira, wakaangalia pembeni. Walijua ninachokijua. Jumamosi ya tarehe 5 Julai, tulipoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, binti mmoja alisimama kusoma shairi alilolitunga mwenyewe. Akasema "batu banakuya", kama wanavyosema kwao tangu babu na babu. Ukumbi ukacheka. Na mimi nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, lakini yeye aliliona jino langu, hakuuona moyo wangu. Alikunja karatasi mara mbili, akakaa. Kuanzia siku hiyo hadi mwezi wa kumi hakusema neno la Kiswahili katika mikutano yetu. Tarehe 7 Julai tunaiadhimisha kwa kuwa siku hiyo mwaka 1954 TANU ilikifanya Kiswahili silaha ya ukombozi, na sisi tulikitumia kumfunga mtoto mdomo. Mwezi wa kumi nilikwenda nyumbani kwao nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Leo nauomba tena mbele yenu.

Sisi wazazi pia tunatoka mbali na aibu hii. Wale mliosoma Kenya mnaikumbuka diski iliyovishwa mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao. Wafilipino nao walianza kufundishwa kwa Kiingereza na walimu wa Kimarekani mwaka 1901, na hadi kizazi cha Ate mwanafunzi aliyesema lugha ya nyumbani shuleni alitozwa faini. Mfilipino mmoja, mwanasaikolojia E. J. R. David, alitunga pamoja na Sumie Okazaki kipimo cha kile wanachokiita fikra za kikoloni, kilichochapishwa mwaka 2006: mtu kuona haya kwa rangi yake, lugha yake, watu wake. Wameonyesha pia kwamba hali hiyo inakwenda pamoja na sonona. Kwangu mimi hilo halikuhitaji kipimo, lakini nilifarijika kujua kuna waliolipima, kwa sababu ukimwambia mkuu wa shule kwamba mtoto anaumwa kwa kuona haya ya lugha yake, atataka karatasi.

Jambo jingine lilinikaa sana. Kati ya mwaka 1992 na 2014, akina mama wengi wa Kifilipino waliingia Kanada kwa mpango wa walezi wanaoishi kwenye nyumba za waajiri. Walilea watoto wa wengine, wakasubiri miaka kupata makaratasi ya kuwaleta wa kwao. Mtoto aliachwa na *lola*, bibi yake, akiwa na miaka 5, akashuka ndegeni ana 14. Aliyempokea ni mama anayemjua kwa simu na kwa masanduku ya zawadi. Anamlilia bibi aliyemwacha, na haruhusiwi kumlilia, maana mama amejinyima yote kwa ajili yake. Wanaita *utang na loob*, deni la wema lililo moyoni. Deni hilo linamfanya mtoto ashindwe hata kusema, "Mama, sina furaha." Nawaomba wale waliowaacha watoto Nyarugusu, Kakuma au Kampala, na wale wanaotarajia kuwapokea mwakani, wanitafute baada ya mkutano. Kuna mama wa Kifilipino wawili wako tayari kukaa nanyi. Wameyapitia.

Wao pia wana neno *kapwa*. Virgilio Enriquez, aliyeanzisha saikolojia ya Kifilipino miaka ya 1970, aliliweka katikati ya mafundisho yake: mimi na wewe hatujatengana, nafsi yangu imo ndani yako. Mzee wetu mmoja aliposikia alisema tu, "Utu." Tukaendelea na chai.

Basi tumefanya nini? Darasa la Kiswahili la Jumamosi tumelibadilisha. Tumeacha kuanza na ngeli. Tunaanza na maneno ya mtu kueleza alivyo: nimechoka, nimechoka roho, nimekata tamaa, nina wasiwasi, nimesononeka, nina hamu ya nyumbani, ninaogopa, niache kidogo, kaa nami. Vijana wanayaandika kwenye daftari moja kubwa, na kando ya kila neno wanaandika la Bukavu, la Mombasa, la Bujumbura, na ukurasa wa mwisho ni wa maneno ya Kifilipino. Daftari liko hapa mbele. Lifungueni, lakini mikono iwe haina mafuta.

Kuhusu ukalimani: mgonjwa akiomba mkalimani wa bure hospitalini, haombi hisani. Semeni "Swahili interpreter" mnapoandikisha miadi, na karani akikawia, rudieni. Tuwaache watoto waende shule. Na kama kijana wako amesema hataki kuishi, usisubiri kikao cha ukoo. Namba ya msaada hapa Kanada ni 9-8-8, saa zote, kwa kupiga au kwa ujumbe. Wanapokea kwa Kiingereza na Kifaransa, hivyo wenzetu wa Kongo mna mlango wa pili. Kwa Kiswahili hawapokei bado, na kamati itaandika barua.

Hatukufanikiwa kote. Wavulana wa miaka 16 hadi 18 walituacha kiangazi kilipoanza, na tulipowafuata walisema vikao ni vya wasichana na wazee. Pia kuna mzazi aliyeshauriwa na mtu wa shule, sitaitaja, aache kuongea Kiswahili na mwanawe ili mtoto ashike Kiingereza haraka. Mzazi alitii. Mwaka mzima walikuwa wanazungumza kwa Kiingereza chake yeye, ambacho kinatosha kuulizia bei ya nyama tu. Tumekaa naye. Ameanza tena, kwa hadithi za sungura wakati wa kulala, ingawa kijana ana miaka 11 na anajidai hazipendi.

Naleta mapendekezo matatu mpige kura leo. La kwanza, kijana akizungumza mkutanoni, hakuna kumsahihisha wala kumcheka hadi akae. Atakayevunja, mwenyekiti akiwemo, atasafisha ukumbi. La pili, lafudhi na maneno ya kila pande yasomwe katika darasa letu kama Kiswahili kamili. La tatu, nafasi mbili kwenye kamati zitengwe kwa walio chini ya miaka 25, na wachaguane wenyewe. Yule binti wa shairi amekubali jina lake lipendekezwe, na ameniruhusu kuwaambia kwamba amelimalizia shairi lake. Atalisoma baada ya chakula, kama lilivyo.

Kikao cha kwanza na majirani zetu ni Jumamosi ya tarehe 10 Januari 2026, saa nane mchana, ukumbi huu huu. Lumpia, vitafunio vyao, wataleta wao. Sambusa mwaka huu watapika vijana, na wameomba wazee tusiingie jikoni.

Mwenyekiti