Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumfuata Mwenye Shamba wa Virginia kwa Njia ya Ardhi Yake

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliagiza tusitishe kwa muda ukusanyaji wa majina, tujifunze kwanza kusoma kumbukumbu za ardhi za karne ya 17 za Virginia na Maryland, wakati huo makoloni ya Uingereza. Sababu mnaijua. Wengi wetu tunatafuta nasaba za wakwe na za watoto waliozaliwa huku Marekani, na matawi mengi ya ukoo yaliyoletwa mbele ya kamati yalikwama pale pale: mkulima fulani wa tumbaku anaonekana katika hati moja ya miaka ya 1650, kisha anatafutiwa baba kule Uingereza kwa kuwa tu majina yanafanana. Kamati imeyarudisha matawi hayo. Naeleza hapa chini kwa nini, na nini kinatakiwa ili yapokelewe katika daftari la chama.

Haki ya kichwa, na makosa yanayotokana nayo

Kuanzia mwaka 1618 aliyelipa nauli ya mtu kuja Virginia alistahili ekari 50. Kichwa kimoja, ekari 50. Vichwa vitano, ekari 250. Mdai alikwenda mahakama ya kaunti, akaapa kuwa amewaleta watu fulani, akapewa cheti. Cheti kilipelekwa ofisi ya katibu wa koloni, mpima ardhi wa kaunti akapima, karatasi zikarudi, na mwishowe gavana akatia saini hati. Baada ya hapo mwenye ardhi alitakiwa kujenga na kupanda ndani ya miaka mitatu, la sivyo ardhi ilihesabiwa imetelekezwa na mtu mwingine aliweza kuiomba. Kodi ya Mfalme ilikuwa shilingi 2 kwa mwaka kwa kila ekari 100.

Kila hatua ya njia hiyo iliweza kuacha karatasi yake. Hati yenyewe ilinakiliwa katika vitabu vya koloni, ambavyo leo viko Library of Virginia mjini Richmond, na picha zake husomwa bure kwenye intaneti. Cheti kipo, kama kimesalia, katika kitabu cha amri za mahakama ya kaunti. Wanachama wengi husoma hati tu, cheti hawakitafuti, na hapo ndipo tarehe zinapopotoka: kati ya cheti na hati huweza kupita miaka.

Orodha ya vichwa iliyo chini ya hati si orodha ya abiria wa merikebu. Haki hiyo iliuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Nahodha alidai kwa abiria, mfanyabiashara aliyelipa nauli akadai kwa abiria yuleyule, na mkulima aliyemnunua abiria huyo kama mtumishi wa mkataba, yaani wa kutumika kwa miaka kadhaa kufidia nauli, akadai mara ya tatu. Mkulima aliyekwenda London na kurudi aliweza kujihesabu upya. Kwa hiyo jina katika hati ya 1653 linathibitisha jambo dogo: kwamba kufikia siku hiyo kuna mtu alilitumia jina hilo kudai ardhi. Halithibitishi mwaka wa kufika, wala undugu na mdai. Kuanzia 1699 haki ya ekari 50 iliweza kununuliwa kwa shilingi 5 taslimu, hivyo hati nyingi za karne ya 18 hazina orodha ya majina kabisa. Asiyekuta majina asidhani ukurasa umechanwa.

Mfano wa mwaka: Anthony Johnson

Kamati ilichagua mtu mmoja ambaye nyaraka zake zimechambuliwa sana na wanahistoria, ili kila mwanachama ajipime kwa mfano uleule. Ni Mwafrika, na nadhani hilo limewaongezea wengi ari.

Katika sensa ya wakazi wa Virginia ya mwaka 1625, kwenye shamba la Edward Bennett, yumo “Antonio”, aliyeandikwa Mweusi, aliyefika 1621 kwa merikebu James. Yumo pia Mary, aliyefika 1622 kwa Margaret and John. Hakuna jina la ukoo. Tarehe 24 Julai 1651 Anthony Johnson anapata ekari 250 kwenye Hori ya Pungoteague, pwani ya mashariki ya Virginia, kwa vichwa vitano. Hakuna hati inayotamka kwamba Antonio wa 1625 ndiye Johnson wa 1651. Kinachowaunganisha ni kumbukumbu ya mahakama ya Northampton ya tarehe 28 Februari 1652/3 (yaani 1653 kwa kalenda yetu; naeleza chini): baada ya moto kuwatia hasara, Anthony na mkewe Mary waliomba msaada, na mahakama ikaandika kuwa wameishi Virginia zaidi ya miaka 30, ikamsamehe Mary na binti zake wawili kodi ya kichwa kwa maisha yao. Miaka inalingana, jina la mke linalingana. Huo ndio ushahidi tunaoutaka: vitu viwili au vitatu vinavyokutana, si jina peke yake.

Kisha jumlisheni ekari. Mwaka 1665 Anthony na Mary waliuza ekari 200 na kumwachia mwana wao Richard ekari 50. Mia mbili na hamsini ziliingia, mia mbili na hamsini zikatoka. Hesabu ikifunga namna hiyo, unajua humfuati mtu mwingine mwenye jina hilohilo. Familia ikahamia Maryland, katika eneo ambalo mwaka uliofuata lilifanywa kaunti ya Somerset, ikakodi ekari 300 zilizoitwa Tonies Vineyard. Anthony alifariki kabla ya Agosti 1670, kwa kuwa mwezi huo jopo huko Virginia liliamua kwamba ardhi aliyoiacha irudi kwa Mfalme, kwa hoja kwamba marehemu alikuwa Mweusi na kwa hiyo mgeni. Anayetafuta tarehe ya kifo katika vitabu vya kanisa tu asingeipata. Mwaka 1677 mjukuu wake, John, alinunua ekari 44 huko Maryland akaziita Angola.

Jina hilo lina faida ya kiutafiti pia. Maryland kila kipande cha ardhi kilipewa jina, na jina lilibaki nacho kikiuzwa, kikirithiwa, kikigawanywa. Huko fuateni jina la shamba katika vitabu vya kodi vilivyo kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo mjini Annapolis, maana wenye shamba hubadilika na jina hubaki. Virginia haina desturi hiyo.

Baadhi ya wanachama waliuliza kama ile kesi ya John Casor iachwe nje ya mfano. Kamati ilikataa. Casor alikuwa Mwafrika aliyedai kuwa mtumishi wa mkataba ambaye muda wake umekwisha. Jirani, Robert Parker, alimchukua. Na mnamo Machi 1654/5 mahakama iliamua arudishwe kwa Johnson, abaki mtumishi wake maisha yote. Ni sehemu ya kumbukumbu. Tena kesi za namna hiyo ndizo zinazotaja majirani na mashahidi, na majirani ndio funguo ya mtu mwenye jina la kawaida kama Johnson. Kwa sababu hiyohiyo, tawi lolote linalodai kushuka kwa Anthony halitapokelewa bila nyaraka za kila kizazi.

Tarehe na mipaka ya kaunti

Hadi 1752 mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Siku za kuanzia 1 Januari hadi 24 Machi mara nyingi ziliandikwa kwa miaka miwili, kama 1652/3 hapo juu, lakini makarani wengi waliandika mwaka wa kwanza tu. Wosia uliotiwa saini Novemba 1668 na kuthibitishwa “Februari 1668” hauna kasoro. Uthibitisho ni wa Februari 1669 kwa kalenda yetu. Nakilini tarehe kama ilivyo, kisha andikeni tafsiri yenu pembeni. Msisahihishe ndani ya nakala.

Kaunti nazo hugawanyika. Pungoteague leo iko Accomack, lakini hati ya 1651 ni ya Northampton. Eneo lote liliitwa Accomack mwaka 1634, likabadilishwa jina kuwa Northampton miaka ya 1640, na Accomack ya sasa ikakatwa mwaka 1663. Familia inaweza kuwa na kumbukumbu katika mahakama mbili bila kuhama hata hatua moja.

Kuchora shamba

Hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu zaidi, na hapa ndipo palipozaa matunda. Vipimo vya hati ni poli na cheni. Poli moja ni futi 16.5, karibu mita 5.03, cheni moja ni poli 4, maili ni poli 320, ekari ni poli za mraba 160. Ekari 250, kama ni mraba kamili, zina poli 200 kila upande, yaani karibu kilomita moja. Hati za mwanzo huwa hazina mraba: mpima alipima upande wa mto, kisha akahesabu kina cha maili moja kwenda bara. Kwa mtindo huo kila ekari 50 ni poli 25 za ufuo, na ekari 250 ni poli 125.

Anzeni na alama isiyohama, yaani mdomo wa kijito au makutano ya mito, kamwe si mti. Mwaloni uliotiwa alama 1660 haupo tena, kama usivyokuwapo mnazi ambao wazee wetu waliutaja kuwa mpaka. Chukueni ramani ya kipimo cha 1:24,000. Hapo poli 100 ni milimita 21. Chora kila mstari kwa mwelekeo na urefu wake kwenye karatasi angavu, kisha isogeze juu ya ramani hadi mito ilingane. Mchoro usipofunga, mara nyingi karani ameruka mstari mmoja wakati wa kunakili au ameandika mashariki badala ya magharibi. Tafuta hati ya baadaye ya shamba lilelile, huenda imerudia maelezo kikamilifu. Mchoro wote ukionekana umezunguka kidogo, lawama ni ya dira: kaskazini ya sumaku ya wakati ule si ya leo. Zungusheni mchoro mzima, msirekebishe mstari mmojammoja.

Mkimaliza shamba la mhusika, chora ya majirani. Mke wa kwanza, shahidi wa wosia, mlezi wa watoto, wengi wao hutoka katika mashamba yanayopakana.

Kuunganisha ardhi na familia

Kila mwanachama sasa anatakiwa kuwa na daftari la ekari: upande mmoja zilizoingia, upande mwingine zilizotoka, pamoja na kitabu na ukurasa. Ekari zilizouzwa bila kununuliwa wala kupewa kwa hati ndizo za thamani kubwa, maana huenda zilirithiwa. Virginia hadi miaka ya 1780 ardhi ya asiyeacha wosia ilikwenda kwa mwana mkubwa, bila karatasi ya kuhamisha. Anapokuja kuuza, hati yake huweza kueleza ardhi ilikuwa ya nani na ilimfikiaje. Someni hati nzima, faharasa haitoshi. Maelezo hayo hukaa katikati.

Mwana mkubwa pia ndiye anayeweza kukosekana katika wosia, au kuachiwa shilingi moja, kwa kuwa ardhi yake alishaipata. Msihitimishe kwamba alikufa au alilaaniwa. Mke alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mume kwa maisha yake, hivyo mnunuzi makini alidai mke aiachie haki hiyo mbele ya mahakama. Kwa familia nyingi hapo ndipo jina lake pekee linapoonekana. Jina la mke likibadilika kati ya mauzo mawili, kuna ndoa ya pili, na watoto wagawanywe upya. Na “Mkubwa” na “Mdogo” baada ya jina zilitofautisha watu wawili wa kaunti moja. Huenda ni baba na mwana, huenda ni mtu na binamu yake.

Kwa wanachama wanaowatafuta waliotumikishwa katika mashamba hayo: kuanzia 1705 hadi 1792 sheria ya Virginia iliwahesabu watumwa kuwa mali isiyohamishika. Majina yao basi yasitafutwe katika orodha ya mali ya marehemu peke yake. Yatafutwe pia katika vitabu vya hati za ardhi, mikataba ya ndoa na migawanyo ya mirathi. Na kwa kuwa sheria ya 1662 ilimfanya mtoto afuate hali ya mama, fuateni majina ya akina mama na watoto yanayosafiri pamoja kutoka orodha hadi orodha.

Mahakama zilizoungua

Kaunti kadhaa, zikiwemo James City, Hanover na Buckingham, zilipoteza vitabu kwa moto, baadhi wakati Richmond ilipoungua Aprili 1865. Hati za koloni zilisalimika, orodha ya kodi ya 1704 ipo, na kodi za ardhi na za watu zinaanza 1782. Sehemu iliyo kati ya mito Rappahannock na Potomac haimo katika orodha ya 1704, kwa sababu ilikuwa chini ya wamiliki binafsi wenye vitabu vyao. Kinyume chake, Northampton ina kumbukumbu za mahakama zisizokatika tangu 1632, na hilo nalo lilichangia kumchagua Johnson.

Hesabu na mwaka ujao

Hesabu zilizokaguliwa ziko kwa mhazini na zitasomwa mkutanoni. Kamati inapendekeza fedha za mwaka ujao zielekezwe kwenye nakala za vitabu vya amri za mahakama ambavyo bado havijawekwa kwenye intaneti, si kwenye vipimo vya vinasaba; vipimo hivyo havitaji shamba wala mke.

Matawi yaliyorudishwa yanaweza kuletwa tena yakiwa na daftari la ekari, mchoro wa shamba moja angalau, na nakala ya hati nzima kwa kila kizazi kabla ya 1750. Katibu atagawa karatasi angavu na jedwali la poli na cheni mlangoni siku ya mkutano. Mje na rula yenye milimita na kipimapembe.

Mwenyekiti